Bi. Nenogani Ajaza Fomu Namba Saba

Ijumaa tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa alasiri, karani mkuu wa ofisi ya wafanyakazi katika kiwanda chetu cha mablanketi atastaafu baada ya kutumikia miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja. Hesabu hiyo ameipiga mwenyewe, akaipitia mara mbili, kisha akanikabidhi niinakili kama ilivyo. Mimi nilitaka kuandika "takriban miaka thelathini na mitano". Aliniangalia juu ya miwani mpaka nikafuta.

Kwenye faili ana jina lake kamili, lakini ukilitaja jina hilo katika idara ya ufumaji watakuuliza unamtafuta nani. Huku ndani anaitwa Bi. Nenogani, kwa sababu ya swali alilomuuliza kila mtu aliyewahi kutaka kuondoka hapa: "Neno gani hasa?" Mimi ninayeandika ni karani wa meza inayotazamana na yake. Nimelisikia swali hilo kwa miaka kumi na moja, na nyumbani mke wangu amenipiga marufuku kulitumia.

Kwa wageni watakaosoma programu hii ya hafla ya Ijumaa, inafaa nieleze. Makao makuu yetu yako nchi nyingine na huko hawasomi Kiswahili. Mtu akiacha kazi, ofisi yetu hujaza Fomu Namba Saba, ambayo ina sentensi moja ya Kiingereza yenye pengo: mfanyakazi huyu amefanya nini, na tarehe. Pengo hujazwa kwa neno moja, mawili yakizidi sana, kwa herufi kubwa. Viwanda vingine huandika neno lile lile kwa kila mtu na mambo yanakwenda. Hapa kwetu pengo hilo, ambalo halizidi urefu wa kidole, limekuwa kazi ya maisha ya mtu mmoja.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita, mpiga chapa. Mwezi wake wa tatu makao makuu yalianzisha kampeni ya afya, wakataka majina ya wafanyakazi walioacha sigara ili wapewe vyeti. Kwetu alikuwa mmoja tu, fundi wa boila, ambaye zamani alitoa moshi mwingi kuliko boila yenyewe. Fomu za kampeni zilikuwa zimekwisha. Mpiga chapa wetu akachukua fomu iliyokuwa karibu, nayo ilikuwa Namba Saba. Akafungua kamusi ndogo, akakuta kwamba mtu aliyeacha sigara ame-"quit", akalipiga neno hilo katikati ya pengo, akatia muhuri na kupeleka.

Wiki tatu baadaye aliteremka getini bwana mmoja mwenye sanduku la bati na barua ya ajira: fundi mpya wa boila. Fundi wa zamani alikuwa mahali pake, anapangusa geji, hana habari kwamba ameacha kazi. Kwa siku tisa boila moja ilikuwa na mafundi wawili, mmoja huku na mwingine kule, kila mmoja akiwahi kuifungua valvu kabla mwenzake hajaigusa. Siku ya nne yule wa zamani alirudia sigara. Siku ya sita mkewe alikuja ofisini kuuliza ni nani aliyemfanyia mumewe hivyo, baada ya yeye kuhangaika naye mwaka mzima. Meneja wa wakati huo alifoka kiasi kwamba wakongwe wa hapa bado wanasimulia huku wakijishika mbavu. Yule bwana wa sanduku akahamishiwa ghala la sufi. Kwa kuwa alikuwa mgeni asiyejua hata njia ya kwenda posta, kila mara alikuwa akija kumuuliza mpiga chapa, na posta hiyo ilichukua muda mrefu sana kueleweka. Mwaka wa pili wakaoana. Sisi humwita Shemeji Sanduku. Bi. Nenogani akiulizwa alimpataje mumewe, hujibu kwa uso mkavu kwamba aliletewa na makao makuu kwa fomu.

Pamoja na bahati hiyo, aibu ilimwingia. Alinunua daftari la jalada gumu, akaanza kuandika humo kila neno la Kiingereza la kuacha, kuondoka na kukoma analokutana nalo. Chini ya neno hakuandika maana ya kamusi. Aliandika mtu. Chini ya "quit" yuko mshona pindo aliyeacha kazi mara tatu katika mwaka mmoja kwa sababu ya feni moja, na maelezo kwamba mtu wa neno hili hubamiza mlango na hachukui hata mwavuli wake. Chini ya "resign" yuko mhasibu wa zamani, aliyekuja na shati lililopigwa pasi, akawashukuru kwa maandishi watu wote waliomuudhi, akahesabu siku thelathini na kuondoka saa kumi kamili. Chini ya "give up" yuko fundi wa rangi aliyehangaika miaka minne kupata kijani ambacho mteja mmoja alikitaka. Siku alipokipata, mteja akasema amebadili mawazo, anataka buluu. Huyo hakubamiza mlango wala hakupiga pasi shati. Alikaa chini.

Ziko habari nyingine humo ambazo bora zingesomwa na yeye mwenyewe. "Walk out" ni idara nzima ya ufumaji siku paa lilipovuja juu ya mitambo. Walitoka wote kwa pamoja, kwa hasira, wakasimama uani, wakagundua kwamba uani ndiko kwenye mvua hasa, wakarudi kabla Bi. Nenogani hajapata ukurasa wa kuwaandika. "Abandon" ni mlinzi aliyetelekeza geti akaenda zake bila neno, na mbwa wa kiwanda akabaki kwenye lindo siku mbili peke yake. Bi. Nenogani aliandika fomu ya mlinzi, kisha akaona si haki, akaandika na barua ya kumpongeza mbwa. Makao makuu walijibu kwa furaha na kuomba namba ya ajira ya mfanyakazi huyo hodari. "Stop" alikataa kabisa kuitumia kwa binadamu. Alisema kinachosimama ni mashine, na hata mashine zetu zikisimama huwa hazijamaliza.

Watu hudhani kazi hii ilikuwa ya kamusi. Haikuwa hivyo. Ilikuwa ya benchi. Ukileta barua ya kuacha kazi, hakuipokea kwanza. Alikuketisha kwenye benchi la ubao kando ya meza yake, akakuagiza uisome mwenyewe kwa sauti, halafu akauliza swali lake. Je, unaacha kazi? Au unamwacha msimamizi wako? Au ni zamu ya alfajiri unayoiacha, na kazi yenyewe hamna ugomvi? Alihitaji kujua, maana kila moja lina neno lake, na yeye hakuwa tayari kuwadanganya watu wa nchi nyingine. Mtu akianza kueleza, dakika kumi hupita, nusu saa hupita, na mara nyingi hugundua kwamba anachotaka kukiacha kinaweza kuachwa bila yeye kutoka getini.

Kwa daftari lake, barua mia tatu na kumi na mbili zimesomwa kwenye benchi hilo. Mia moja themanini na saba zilirudi nyumbani na wenyewe. Isidhaniwe kwamba wote walimshukuru. Kuna dada mmoja wa ufungaji ambaye kweli alikuwa amepata kazi bora kwingine, amekwisha kuagana na wenzake, basi linamsubiri, na bado alishikiliwa saa nzima akitakiwa kuchagua kati ya maneno matatu. Mwishowe alisema andika lolote mama, mimi naondoka, akaondoka. Bi. Nenogani akaandika "leave", akasema hilo ndilo lililokuwa linamfaa tangu mwanzo.

Barua ya mia mbili na arobaini na moja ilikuwa yangu. Nilikuwa na miezi minane kazini, nimeandika "I QUIT" kwa herufi kubwa na kupiga mstari chini yake, na nilikuwa nimejitayarisha kubamiza mlango. Nilisomeshwa. Niliulizwa. Nilitoa malalamiko yangu yote, na yalipokwisha yakawa yanahusu kitu kimoja: meza yangu ilikuwa inatazamana na mlango wa choo, na kila anayetoka alinikuta mimi wa kwanza kumsalimia. Bi. Nenogani aliinuka, akashika upande mmoja wa meza, akaniambia nishike wa pili. Tuliisogeza mita mbili. Niko hapo mpaka leo, na nasema wazi kwamba sijawahi kumshukuru kama inavyostahili.

Liko neno moja katika daftari ambalo chini yake hakuna mzaha. Mzee wa masjala ndiye aliyemfundisha kazi, akamfundisha na kunywa chai bila sukari ili asisinzie. Mzee huyo alikaa hapa miaka thelathini. Ijumaa moja Bi. Nenogani alikwenda kula chakula cha mchana, na aliporudi msumari wa koti la mzee ulikuwa mtupu. Hakusema kwaheri kwa mtu yeyote. Alikuwa amestaafu, na labda hakutaka kusumbua watu. Jumatatu ilibidi mwanafunzi wake amjazie fomu, akakaa nayo asubuhi nzima, na ukurasa wa "retire" katika daftari una tarehe tu. Habari hii alinisimulia mara moja, akiwa anachonga penseli, na aliichonga mpaka ikabaki kipande.

Ndiyo maana mwezi huu umekuwa mgumu. Tarehe mosi nilimwekea mezani Fomu Namba Saba yenye jina lake. Ilibidi, maana umri umetimia na makao makuu hawafungi faili bila fomu. Nilimpa na kalamu, nikidhani ni jambo la dakika mbili. Tarehe mbili ilikuwa bado tupu. Tarehe tano ilikuwa tupu na ina alama ya kikombe.

Nilipouliza, nilipata somo. "Retire", alisema, ni neno la mtu anayejitoa na kwenda kulala, na yeye hajamwambia mtu kwamba ana usingizi. "Resign" haimhusu, hana aliyemuudhi wiki hii. "Step down" ni kushuka, na ofisi yetu iko chini, akishuka zaidi ataingia kwenye mtaro. "Finish" ni uongo, nitazame mwenyewe hilo kabati. "Leave" aliikataa bila maelezo, na aliikataa haraka. Nilijaribu kumkumbusha kwamba sheria inasema "retire" na mambo yaishe. Akaniuliza kama kwenye benchi hili sheria imewahi kukaa hata siku moja. Mimi nilikuwa na hofu yangu binafsi pia, kwamba programu hii isingeweza kwenda kuchapwa kwa ajili ya mtu ambaye kiofisi haendi popote.

Tarehe kumi na tatu akaanza mizunguko. Kila siku baada ya chai ya saa nne alichukua mkoba wake, akatoka, akaingia idara moja. Kiwanda kilipata homa. Idara ya rangi walifagia chini ya mapipa kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, wakakuta koleo lililomgombanisha msimamizi na fundi wake. Wafumaji waliongeza blanketi arobaini kwa siku bila kuombwa. Wafungaji walieneza habari kwamba anachukua majina ya watu wa kupunguzwa, na mmoja wao akajificha kwenye boksi. Yeye hakuchukua jina la mtu. Alisimama karibu na mashine, akamuuliza mmoja kuhusu mtoto mwenye tonsili na mwingine kuhusu ujenzi wa choo, akapapasa blanketi kwa vidole. Kisha alifungua mdomo kama mwenye jambo, akaufunga, akaondoka. Siku iliyofuata akaenda kwa wengine.

Shemeji Sanduku, ambaye mwenyewe alistaafu miaka mitatu iliyopita, alikuja kuniona getini. Alikuwa na wasiwasi. Alinieleza kwamba kila asubuhi mkewe hutoka nyumbani akisema leo nawaambia, na kila jioni hurudi miguu imevimba, hukaa kitandani bila kuvua viatu, na kusema kesho. Nikamuuliza anataka kutuambia nini. Akanitazama kama nilivyokuwa nikitazamwa siku zangu za kwanza kazini. "Mwanangu," akasema, "huyu mama amewatoa watu mia hapo getini. Yeye mwenyewe hajui kutoka. Anaogopa atafanya kama yule mzee."

Nilirudi mezani. Kwa wiki mbili nilikuwa nimemsumbua kwa ajili ya pengo la fomu, na kumbe hofu yake ilikuwa kwamba saa tisa itafika, neno litamkwama kooni, naye atabeba mkoba wake na kupita kimyakimya kama mzee wake, na sisi Jumatatu tutabaki tunatazama kiti.

Jumatatu tarehe ishirini na sita alijaza. Sikumwomba. Aliivuta fomu, akafuta alama ya kikombe kwa kiwiko, akaandika neno moja kwa herufi kubwa na kunisukumia. Halikuwa la Kiingereza. Alikuwa ameandika AMEAGA. Nilimkumbusha, kwa heshima zote, kwamba neno hilo likisemwa nusunusu hivyo watu hupeleka rambirambi. Akalitazama, akakubali, akalirekebisha liwe ANAAGA. Alisema marehemu hajazi fomu.

Nikamuuliza kama katika daftari lote la jalada gumu hakuna la Kiingereza linalolingana. Alisema lipo la karibu, "take leave", ila makao makuu watadhani amekwenda likizo na watamsubiri Jumatatu. Halafu akanieleza kwa upole, na kwa kweli ndilo somo refu kuliko yote niliyopata kwake. Alisema maneno yote aliyokusanya kwa miaka hii mtu anaweza kuyafanya peke yake. Unaweza ku-"quit" hakuna anayekuona. Unaweza ku-"resign" kwa posta. Kuaga huwezi. Kwa anayeaga lazima awepo mtu wa kumjibu, na asipojibiwa bado hajaaga. Akasema hilo ndilo alilonyimwa Ijumaa ile alipotoka kwenda kula: zamu yake ya kujibu.

Fomu niliipeleka hivyo hivyo. Makao makuu walijibu siku ya pili wakiuliza kitendo hicho huchukua siku ngapi. Niliwaandikia kwamba hadi sasa kimechukua siku kumi na nne na bado idara moja. Idara hiyo ni yetu, watu wawili na makabati sita, na hata leo ninapoandika haya hajaanza. Tunapishana tu kwenye birika. Sitaki aondoke, na naandika hapa kwa sababu nikimwambia uso kwa uso ataniuliza neno gani hasa.

Kwa niaba ya uongozi, idara zote na zamu zote tatu, tunakushukuru, Bi. Nenogani. Umetusomesha barua zetu wenyewe. Umewabakiza kazini watu mia moja themanini na saba, wengi wao wakiwa na hasira na wote wakiwa na njaa, na wale walioondoka uliwapeleka na neno linalowafaa. Tunakuombea afya, miguu isiyovimba, asubuhi zisizo na kengele, na Shemeji ambaye hatakuomba uhakikishe tarehe za chochote. Siku zako zilizobaki ziwe nyingi na ziwe zako.

Ninyi wengine, sikilizeni utaratibu wa Ijumaa. Saa tisa mitambo itazimwa na yeye atasimama mbele yetu. Msipige makofi haraka. Atafungua mdomo, na huenda akaufunga tena, kama alivyofanya kwenye mashine zenu. Msimsaidie wala msicheke. Kama neno litatoka, vizuri. Lisipotoka, mimi nitahesabu hadi tatu, na sote kwa pamoja tutajibu kana kwamba tumelisikia: ya kuonana, mama.